Muiri Uliokanwa

Kaari hakupiga hodi. Jumamosi asubuhi alisukuma geti la Phyllis katika mtaa wa Skuta kwa goti, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kamba ambako Phyllis alikuwa akianika mashuka. Walikuwa mtu na wifi yake, maana Kaari ameolewa na Kinuthia, kaka pekee wa Phyllis. Lakini ilikuwa imepita miaka mitatu bila hata salamu ya simu kati ya nyumba hizo mbili.

"Sasa umefurahi," Kaari akasema. "Nyinyi watu wa maabara mumemaliza bwana yangu."

"Kinuthia amefanya nini?"

"Usijifanye hujui! Askari wa msitu walishika pickup yake na mbao za muiri akipeleka kwa fundi huko karibu na msitu. Wakasema ameangusha mti ya serikali. Sasa karatasi imetoka kwa ofisi yenu, ati mbao yake na kisiki iko huko msitu ni mti moja, asilimia mia. Wakili anasema hapo hakuna mlango ya kutokea. Wiki mbili zimebaki, halafu anafungwa."

Phyllis alibaki na shuka mkononi. Kwa kweli hakujua. Vipande vya mbao hufika maabara vikiwa na namba tu, bila jina la mtu, na yeye kama fundi wa maabara kazi yake ni kuvisaga, kutoa vinasaba vyake na kupiga picha ya mistari ambayo vinasaba hivyo huonyesha. Alivikumbuka vile vipande, namba kumi na nne, mbao ngumu nyekundu iliyomchosha mkono. Hivyo alikuwa ameisaga kesi ya ndugu yake kwa mikono yake mwenyewe na hakuna aliyemwambia.

Furaha ikampanda kifuani. Nasema furaha, wala sitaki kuipaka rangi nyingine, na sioni kwa nini nimtetee. Angekuwa mtu wa ajabu kama asingefurahi, kwa yale aliyotendewa na Kinuthia.

Baba yao, mzee Mugo wa Gakindu, alikuwa na kipande cha kahawa kinachoteremka hadi kijitoni, na katikati yake muiri mmoja mkubwa ambao watu wawili hawangeukumbatia wakafikiana mikono. Mwaka mmoja kabla hajafa, aliwaita wazee wanne wa ukoo, akauweka mkono kwenye gome la mti huo na kusema: kutoka hapa kupanda ni ya Kinuthia, kutoka hapa kushuka ni ya Phyllis. Hakuandika. Nani angeandika, na mti wenyewe umesimama pale mtu yeyote auone? Alipokufa, Phyllis aliendelea na kazi yake mjini Nyeri, akijua shamba lake linamngoja.

Miaka minane baadaye aliposema sasa anataka kujenga, kikao cha ukoo kiliitwa. Walipofika shambani, pale penye muiri palikuwa na kahawa changa imepangwa mistari mizuri, na ardhi imelainishwa utadhani haijawahi kushika mzizi. Kinuthia akatazama huku na huku kama mgeni. "Muiri gani?" akauliza. "Hapa hakujawahi kuwa na muiri. Huyu msichana ameishi town sana, amechanganya na shamba ya watu." Wazee watatu kati ya wale wanne walikuwa wameshazikwa. Wa nne alikuwa na kumbukumbu nzuri mpaka siku alipopelekewa mbuzi. Watu walimcheka Phyllis, mwanamke wa miaka arobaini na minane, wakamwambia pengine aliota. Alirudi Skuta akiwa amefanywa mwongo mbele ya watu waliomfahamu tangu akiwa mtoto, na hilo lilimuuma kuliko shamba lenyewe.

"Hiyo mbao haikutoka msitu," Kaari alikuwa akisema sasa, na sauti imeshuka. "Naapa na watoto wangu, Phyllis. Haikutoka msitu."

"Ilitoka wapi?"

Macho ya Kaari yalikwenda kwenye mti uliosimama kando ya tangi la maji, akayaondoa haraka. Phyllis alidhani anameza machozi. Kisha Kaari akageuka na kwenda zake, geti akaliacha wazi.

Jumapili kanisani Phyllis hakusikia mahubiri. Ile furaha ilikuwa imeanza kuchacha, kwa sababu ya jambo alilolijua yeye na ambalo Kaari hangeweza kulijua. Jambo lenyewe ni hili. Muiri ni mti wa kwetu, na hakuna tajiri wa ng'ambo aliyewahi kutoa pesa uchunguzwe vinasaba vyake vyote. Lakini pichi, lile tunda la manyoya, limechunguzwa mpaka basi, na pichi na muiri ni watu wa ukoo mmoja. Kwa hiyo maabara huazima. Huchukua alama, yaani vipimo vya kusoma sehemu fulani za vinasaba, zilizotengenezwa kwa ajili ya pichi, ikazijaribu kwenye muiri, na zinazokubali zinatumika. Kati ya alama arobaini walizojaribu, zilizokubali ni tisa. Nne zilitoa mistari ya kutatanisha, mingine hafifu, mingine imerukaruka. Tano zilitoa mistari safi kabisa, kila mara. Na mkubwa wake, Daktari Munene, alizitupa zile nne kwa kuwa ni chafu, akabaki na tano safi. Kwa hizo tano akaandika ile asilimia mia.

Phyllis alikuwa amepiga picha za miiri zaidi ya hamsini, na hakukumbuka siku hata moja zile alama tano zilipotoa kitu tofauti. Alipomwambia Daktari mwaka uliopita, aliambiwa huo ndio uzuri wake.

Sasa akajiuliza usafi huo ni wa nini. Alama inayosema jambo lilelile kwa kila mti ni sawa na kumtambua mwizi kwa kuwa ana pua. Alitaka Kinuthia afungwe, na alitaka sana, lakini afungwe kwa alichofanya. Yeye mwenyewe alikuwa ameonja kuhukumiwa kwa uongo, na uongo huu wa sasa ulikuwa na mwandiko wake kwenye kila chupa.

Jumatatu alimkuta Daktari Munene ofisini, kijana nadhifu mwenye digrii tatu, akinywa chai.

"Daktari, ile kesi ya mbao namba kumi na nne. Mshtakiwa ni ndugu yangu, wa mama mmoja."

Kikombe kikashuka mezani. "Na unaniambia leo?"

"Nimejua juzi. Na zile alama tano hazitofautishi miti. Nilikuambia."

"Ah. Nimeelewa," Munene akasema, akitabasamu bila kumtazama. "Phyllis, wacha nikuambie vizuri. Ukigusa hiyo sample tena, nakuandikia barua ya kufutwa kabla ya lunch. Umekuja kwa ofisi yangu kuokoa mwizi juu ni wa kwenu, halafu unaniletea ati science. Wewe ni wa kuosha chupa. Enda uoshe."

Miaka ishirini na mbili ya kazi, na ameambiwa aende aoshe. Phyllis aliona giza machoni kwa hasira. Lakini hakujibu, maana alikuwa amejifunza katika kikao cha Gakindu kwamba anayepiga kelele huonekana mwongo hata akisema kweli. Alikwenda akaosha chupa. Jioni alipofika nyumbani alichuma majani ya ule mti wa kando ya tangi. Ulikuwa muiri nao, aliouotesha mwenyewe kwenye pakiti ya maziwa, umeshapita paa la nyumba. Kesho yake alichuma majani ya muiri wa kanisani, na ya ule uliosimama kwenye geti la maabara yenyewe, ambao wafanyakazi huegesha pikipiki kivulini mwake. Akayaweka katika kazi halali ya wiki, miche ya wakulima iliyokuja kupimwa, kwa namba thelathini na moja, thelathini na mbili na thelathini na tatu. Mbao ya Kinuthia hakuigusa.

Alhamisi alipeleka picha kwa Munene, akaiweka juu ya ile picha ya kesi, kingo kwa kingo. Mistari ikalaliana yote, bila hata mmoja kupotea njia.

"Nini hii?"

"Thelathini na tatu ni muiri wa gate yetu, Daktari. Asilimia mia na kile kisiki cha msitu. Ita polisi waje wakamate gate."

Munene alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akainua picha kwenye mwanga wa dirisha. Akauliza thelathini na mbili ni ipi, akaambiwa kanisani. Akauliza thelathini na moja, akaambiwa Skuta. Uso wake ulibadilika polepole, na Phyllis hakumhurumia hata kidogo. Alisimama akamwangalia mpaka mwisho, akafurahia kila dakika yake.

"Umeonyesha mtu mwingine?" Munene akauliza.

"Bado."

"Kaa chini."

"Nitasimama. Rudia kazi na zile alama nne ulizotupa. Fanya na mikono yako, mtu asiseme dada aliingilia. Na hizo tatu zangu uziweke pia, ili korti ione zimetofautiana."

Munene alimtukana, akamwita nyoka na majina mengine ambayo mtu wa digrii tatu hapaswi kuyajua. Lakini alifanya. Siku tano alijifungia maabara, hakumsalimu mtu. Kwa kila alama, mti una mistari miwili, mmoja umeupata kwa mama na mwingine kwa mti uliotoa chavua, na ile mistari ya kutatanisha ilihitaji mtu aipige tena na tena mpaka itulie. Ilipotulia, ndipo iliposema. Zile nne zilikuwa chafu kwa sababu zilikuwa na mengi ya kusema, na hakuna aliyekuwa na subira ya kuzisikiliza.

Jumatano alimwita Phyllis. Hakumwambia akae.

"Mbao sio ya kile kisiki," akasema. "Alama zote nne zimekataa. Umeshinda, sawa? Nitaandikia korti barua mpya. Sasa niambie kitu moja." Aligonga picha kwa kalamu. "Hii thelathini na moja, ya Skuta. Hiyo mti ilitoka wapi?"

"Niliotesha."

"Mbegu ulitoa wapi?"

"Kwa nini?"

"Angalia wewe mwenyewe. Hapa iko na mstari mmoja ya mbao. Hapa tena. Hapa. Hapa. Kila alama, nusu yake ni ya hiyo mbao. Kisiki hakuna, kanisa hakuna, gate hakuna. Alama nne ni kidogo, siwezi kuapa. Lakini ungeniuliza hivi tu kwa chai, ningekuambia hiyo mbao ndio mama, na mti yako ndio mtoto."

Phyllis akakumbuka. Siku waliyomzika baba yake, watu walipokuwa wakinywa chai, yeye aliteremka shambani peke yake akaokota mbegu chini ya muiri, akazifunga kwenye leso. Alizipanda kwa sababu ya huzuni tu. Moja ndiyo iliyoota.

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kinuthia aliukata mti wa baba, akakichimbua kisiki, akapanda kahawa juu ya shimo, akazificha mbao kwenye dari ya ghala mpaka zikauke. Akaja mbele ya ukoo kuuliza muiri gani. Na aliposhikwa na mbao za mti wake mwenyewe, asingeweza kusema zimetoka wapi, kwa kuwa angeusema mti, na akiusema mti ameusema mpaka. Alikuwa tayari kulala jela kwa mti ambao hakuukata, ili asiukubali ule alioukata. Mbele ya mahakama alikuwa amesema aliuziwa na mtu asiyemjua, na hata mtoto mchanga asingeamini hilo. Kaari naye alijua. Alisimama penye kamba ya nguo, akautazama mtoto wa mti huo kando ya tangi, akakaza mdomo.

"Hiyo nyingine nitaiacha nje," Munene alikuwa akisema. "Korti haikuuliza."

"Andika yote."

"Phyllis, nimekuambia nne ni kidogo."

"Andika ni kidogo. Andika na nani aliokota mbegu, na wapi, na siku gani. Usipoandika, mimi nitapeleka ile picha ya gate kwa wakubwa wako."

Mahakamani walikuwa wamejaa watu wa Gakindu. Wengine walikuja kumwonea Kinuthia huruma, wengine walikuja kuona tu. Yule mzee wa nne alikuwa kiti cha nyuma na kofia yake magotini. Kinuthia alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Alipomwona dada yake ameketi mbele alitema mate sakafuni, askari akamkaripia.

Munene alisimama akasoma barua yake mpya kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Alikiri kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa na makosa. Alieleza habari ya pichi na muiri, mpaka hakimu, mama mmoja wa miwani minene, akamkatiza.

"Daktari, kwa lugha ya watu. Mbao hizi ni za kile kisiki, au si za kile kisiki?"

"Si zake, Mheshimiwa."

Watu wakaguna. Kaari akaanza kulia kwa sauti. Lakini kiongozi wa mashtaka alikuwa ameshasimama. Alisema msitu una miiri mingi, na kama mbao si za kisiki hiki ni za kingine, na mshtakiwa bado hajaonyesha alikozitoa. Hakimu akakubali kwamba hilo ni swali. Ndipo akageuza ukurasa na kusoma kimyakimya, akarudi juu akasoma tena.

"Hapa imeandikwa kuna mti huko Skuta ambao huenda ni mtoto wa mti uliotoa mbao hizi. Na kwamba mbegu yake iliokotwa Gakindu, katika shamba la marehemu Mugo, siku ya mazishi yake." Akainua macho. "Bwana Kinuthia, marehemu Mugo ni nani wako?"

"Ni baba."

"Shamba lenu lilikuwa na muiri?"

Kinuthia alimtazama Phyllis, na Phyllis hakuondoa macho. Aliona jinsi kaka yake alivyokuwa akimchukia, naye alimchukia vilevile. Alikumbuka kicheko cha watu juu ya ile kahawa changa. Wakili wa Kinuthia alimvuta mkono akamnong'oneza, lakini Kinuthia akauchomoa mkono wake.

"Nikisema hapana?" Kinuthia akauliza.

"Ukisema hapana, basi sijui mbao zilikotoka, na nitaamua nikiwa sijui," hakimu akasema. "Lakini usiseme uongo hapa."

Kaari akapiga kelele kutoka nyuma, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Sema, Baba Murungi! Sema tu twende nyumbani!"

Kinuthia akainamisha kichwa. "Ilikuwa," akasema.

"Ongea karani asikie."

"Ilikuwa muiri ya baba! Ilikuwa hapo katikati ya shamba. Niliikata mimi, na sikuwa na kibali ya chifu, nikang'oa hata kisiki. Sijaingia msitu ya serikali hata siku moja."

"Katikati ya shamba lako?"

Hakimu aliuliza ili karani aandike vizuri tu.

"Katikati ya yangu na ya dada yangu," Kinuthia akasema. "Ilikuwa ndio mpaka."

Kalamu ya karani ikapita kwenye karatasi. Huko nyuma yule mzee alivaa kofia yake, akakumbuka kwamba yuko mahakamani, akaivua tena. Hakuna aliyecheka.

Kinuthia aliachiliwa kabla ya saa sita, kwa faini ya kukata mti bila kibali. Alimkuta Phyllis kwenye dirisha la masjala, akingoja nakala yenye muhuri ya maneno yale ya mpaka. Alisimama mbali naye kidogo, mbele ya watu wa Gakindu wote, akazungusha funguo za pickup mkononi.

"Umenitoa ndani ndio unimalize," akasema.

"Ungenyamaza. Hakuna mtu alikushika mdomo."

"Hizo mbao ungetaka, ungeuliza. Ningekupatia."

"Niliuliza mti, ukaniambia nimeota."

Karani alipitisha karatasi dirishani. Phyllis aliisoma yote, pale pale, bila haraka, kisha akaikunja mara mbili na kuiweka mkobani. Kaari alikuwa amesogea, macho mekundu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu akamwita wifi. Akamwuliza kama sasa atakuja nyumbani, waongee kama watu wa nyumba moja.

"Nitakuja Jumanne," Phyllis akasema. "Nitakuja na mpima ardhi. Msinipikie chai."